Isanga au Itega? Jibu kwa Mama S. wa Kizota

Mama S., pole mwanangu. Barua yako nimeisoma taratibu, na nimeona ulivyochoka. Kijana wako wa miaka 23, aliyekuwa akibeba magunia kwenye maghala ya hapo Kizota, Dodoma, ameiba mtungi wa gesi wa jirani akauuza apate hela ya kete ya unga, yaani heroini. Amekiri Mahakama ya Mwanzo, yuko nje kwa dhamana, adhabu bado. Baba yake anasema gereza la Isanga litamnyoosha. Shangazi yake anachangisha "hela ya karani". Unaniuliza umsikilize nani.

Hakuna kati yao.

Kinachomsumbua

Hasira za baba yake nazielewa. Aliyeamka akakuta televisheni imeuzwa na mwanawe ana haki ya kukasirika. Lakini arosto unaijua, umeiona chumbani kwako: mifupa kuuma, kuhara, usiku mzima bila usingizi. Aliyefika hapo haibi tena kwa starehe, anaiba ili atulie. Huo ni ugonjwa juu ya kosa. Kosa linabaki kosa, na ugonjwa nao haufi kwa kufungiwa.

Jela itampa nini

Kifungo cha Mahakama ya Mwanzo hakizidi miezi 12. Arosto itampiga siku chache, kisha mwili utazoea kukaa bila unga, nanyi mtamshukuru Mungu kwamba kapona. Siku ya kutoka ndiyo ya kuogopa. Akirudia kipimo alichokizoea zamani, mwili hauna tena ule uvumilivu, na kete moja inaweza kumuua. Baba yake aambiwe hili bila kuzungushwa.

Hiyo hela ya karani irudisheni kwa wenyewe. Mtajiongezea kesi ya rushwa, na kijana atarudi mtaani akiwa na unga ule ule mwilini.

Njia iliyobaki

Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Mwenye kosa linaloweza kumpa kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kuamriwa afanye kazi bila malipo kwenye taasisi ya umma, huku akilala kwao. Lazima akubali mwenyewe. Akikiuka, anarudishwa mahakamani na gereza linamngoja. Hakimu huamua baada ya kupata taarifa ya afisa wa huduma za uangalizi, ambaye huongea na familia, majirani na uongozi wa mtaa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi huteleza. Kufagia uwanja wa zahanati hakutibu uraibu. Huko Miami, Marekani, mwaka 1989 walianzisha mahakama inayomwamuru mraibu atibiwe, na hakimu humwita mara kwa mara kuangalia anavyoendelea. Wewe usingoje Mahakama ya Mwanzo ikufanyie hayo. Tiba mwanzishieni ninyi, kisha mahakama iambiwe.

Itega, hapo hapo Dodoma, kuna kituo cha waraibu chini ya Hospitali ya Mirembe. Wanatoa methadoni, ile tiba iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya kunywa, bila malipo, mbele ya mhudumu, kila siku. Narudia: kila siku, Jumapili na Idi pia. Nauli ya kutoka Kizota ndiyo itakayowashinda kama hamkuipanga, kwa hiyo michango ya shangazi iende huko. Na kijana ajue kwamba kuchanganya methadoni na unga au gongo kunaua.

Anaweza kuteleza. Wengi huteleza kabla hawajasimama. Akiteleza, mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo, na afisa wa uangalizi aambiwe ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kabla ya siku ya adhabu

Mpeleke Itega, na uombe barua inayoonyesha ameanza tiba. Msipojua pa kuanzia, pigeni 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Hakimu akimuuliza kama ana la kusema, aseme mwenyewe kwamba ni mraibu, ameanza tiba, na anaomba huduma kwa jamii. Baba yake asimame pale nyuma. Hata akiwa amenuna, asimame.

Na yule jirani, Mama S., amekuwa akipikia mkaa tangu siku ile. Mlipeni mtungi wake wiki hii, kabla ya mahakama kuwaamuru.