MGENI KUTOKA KASAI

Watoto, angalieni ramani ya Kongo. Tafuteni Kananga, mji mkuu wa jimbo la Kasai ya Kati. Sasa fuateni kwa kidole njia ya gari la moshi: Mwene-Ditu, Kamina, Bukama, Tenke, halafu Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga. Njia hiyo ni ya zamani. Reli ya kutoka Bukama kwenda mto Kasai ilimalizika mwaka wa 1928. Watu wengi wa Kasai walisafiri kwa reli hiyo, waende kufanya kazi ya shaba katika kampuni ya Union Minière. Siku hizo mji wa Likasi uliitwa Jadotville.

Hata leo watu huhama. Wengine hutafuta kazi, wengine huwafuata ndugu zao, wengine hukimbia vita, kama vita vya Kasai vya mwaka wa 2016 na 2017. Mtoto wa somo hili ni mmoja wao. Jina lake halikuandikwa hapa. Labda anakaa karibu nawe.

Alifika Likasi mwezi wa saba pamoja na baba na mama. Mjomba akawapokea nyumbani kwake Kikula. Usiku wa kwanza mtoto alitetemeka. Likasi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi kali. Kananga iko chini zaidi. Mjomba akampa blanketi lake mwenyewe.

Chakula nacho kilikuwa kigeni. Kwao Kasai unga wa mahindi huchanganywa na unga wa muhogo, ndipo nshima inapikwa. Kwa mjomba bukari ilikuwa ya mahindi tu. Mtoto akala kidogo, akasema ameshiba.

Mwezi wa tisa akaingia shuleni. Akasimama mlangoni, akawasalimu wote kwa adabu: "Moyo wenu!" Wanafunzi wakacheka. Mmoja akauliza, "Moyo wetu una nini?" Mwalimu hakucheka. Akasema, "Kwa Kitshiluba hiyo ni salamu. Mwenzenu amewatakia uzima, nanyi mmemjibu kwa kicheko. Kongo ina lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Yeye anajua moja, sasa anajifunza ya pili. Ninyi mnajua ngapi?" Darasa likanyamaza.

Lakini jioni, njiani, vijana wawili wakampigia kelele: "Rudi kwenu!" Mtoto akamweleza baba yake. Baba hakujibu neno. Alikumbuka habari alizosimuliwa na wazee wake. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hukohuko. Hapa Likasi walikaa kituoni muda mrefu wakingoja gari la moshi, na wengine walikufa kwa ugonjwa na njaa. Tangu jioni ile mama naye aliogopa. Hakuzungumza tena na majirani.

Mama alikuwa amekuja na mfuko mdogo wa mbegu za mahindi. Mjomba, kabla ya kwenda safari ya kazi, alimwonyesha kipande cha shamba. Kule Kasai mvua huanza mapema, na mwezi wa tisa watu wamekwisha panda. Basi, mvua ya kwanza ilipoanguka Likasi mwezi wa kumi, mama aliona amechelewa. Hakumwuliza mtu. Akapanda nusu ya mbegu zake siku ileile. Mahindi yakaota vizuri. Kisha mvua ikakatika. Jua likawaka siku nyingi, na miche yote ikakauka.

Jirani yao mmoja, nkambo mzee, akamkuta mama shambani akilia.

"Mama, mbona ulipanda sasa?"

"Kwetu mvua ikianguka tunapanda, nkambo."

"Huku mvua ya kwanza hudanganya. Sisi tunangoja mwezi wa kumi na moja, udongo ulowe mpaka chini. Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa kuambiwa nirudi kwetu."

Nkambo akakaa chini, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwaka wa 1992 jirani zangu walipita mbele ya mlango wangu, wamebeba magodoro kichwani, wakienda kituoni. Nilikaa ndani. Sikusema neno. Mpaka leo ninawaona. Mama, mbegu zimebaki?"

"Zimebaki nusu."

"Zitunze. Nitakuja kukuita."

Mwezi wa kumi na moja akaja kweli, na jembe lake begani. Wakapanda pamoja. Mwezi wa tatu mahindi mabichi yakawa tayari. Mama akachagua makubwa, akamtuma mtoto ayapeleke kwa nkambo kwanza.

"Jambo, nkambo," akasema mtoto.

"Moyo, mwanangu!" akaitikia nkambo.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 30, yasema kwamba kila mtu aliye katika nchi ya Kongo anayo haki ya kutembea na kukaa mahali apendapo. Lakini sheria haimwambii mgeni siku ya kupanda. Hiyo ni kazi ya jirani. Naye mgeni akumbuke: kuuliza si ujinga.

MANENO
Nkambo: bibi au babu.
Bukari: ugali. Watu wa Kasai husema nshima.
Miche: mimea iliyoota karibuni.
Kukatika (mvua): kuacha kunyesha.

MASWALI
1. Taja vituo vinne vya gari la moshi kati ya Kananga na Likasi.
2. Kwa nini wanafunzi walicheka? Mwalimu aliwafundisha nini?
3. Kwa nini nusu ya mbegu ilipotea? Toa sababu mbili.
4. Nkambo alijuta nini?
5. Je, darasani mwenu yuko mtoto aliyetoka mbali? Mwulize namna ya kusalimu kwao, kisha msalimu hivyo kesho asubuhi.