Pedali Nzito ya Klachi: Mahali pa Kuanzia Kutafuta

Tangu mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, Datsun 240Z imeonekana tena katika barabara za Kenya. Wazee wanaikumbuka: ilishinda Safari ya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ile ya mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Motokaa kama hiyo ikifufuliwa hupakwa rangi, hushonewa viti, na injini huunguruma vizuri. Lakini mara nyingi pedali ya klachi huwa nzito kama jiwe.

Si jambo la kupuuza. Mwenye gari atokaye Buxton jioni, katika msongamano wa kuelekea daraja la Nyali, huikanyaga pedali hiyo mara nyingi hata goti likatetemeka. Na akiingia kivukoni Likoni, watu wa miguu wakiwa mbele yake, klachi isiyotii mguu yaweza kulirusha gari ghafula.

Mafundi wengi humwambia abadili klachi nzima. Ushauri huo ni ghali, na mara nyingi si wa lazima. Giaboksi haifai kushushwa kabla ya kujua uzito watoka wapi.

Katika gari hili pedali husukuma pistoni ya silinda ya juu. Mafuta ya breki hupita katika bomba na mpira mpaka silinda ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi. Nayo husukuma uma wa klachi, na uma husukuma beringi juu ya springi ya presha pleti. Uzito waweza kuzaliwa mahali popote katika njia hiyo. Basi ifuate kutoka juu kwenda chini.

Kwanza chomoa pini iungayo pedali na kifimbo cha silinda ya juu, kisha isukume pedali kwa mkono. Ikiwa bado yakwama, bushi zake zimekauka au zimeshika kutu. Zisafishe na kuzitia grisi. Kazi hii ni ya nusu saa, na wengi huiruka.

Ikiwa pedali ni nyepesi, rudisha pini. Unganisha kimpira kwenye skrubu ya kutolea hewa ya silinda ya chini, ncha yake uiweke katika chupa, ufungue skrubu, na mwenzio akanyage polepole. Pedali ikiwa nyepesi sasa, ubaya uko chini: silinda yenyewe, uma, beringi au presha pleti. Ikibaki nzito, ubaya uko juu. Legeza basi kiungo kilicho kabla ya mpira: ikilegea hapo, mpira umevimba kwa ndani na kuziba njia, ijapokuwa kwa nje waonekana mpya. Tandika kitambaa, kwa maana mafuta ya breki hula rangi. Yakimwagika, osha kwa maji mara moja.

Hapo pia tazama ukubwa wa silinda ya juu, maana waliofufua gari huenda walitia yoyote iliyopatikana. Mathalan, ya kipenyo cha inchi 5/8 ikiondolewa na kutiwa ya inchi 3/4, eneo la pistoni laongezeka kwa asilimia 44, na uzito mguuni waongezeka kadiri hiyo hiyo. Hakuna grisi iwezayo kuondoa kosa la hesabu.

Ubaya ukiwa chini, fungua silinda ya chini na uujaribu uma kwa mkono. Usikanyage pedali wakati huo, la sivyo pistoni itaruka nje. Uma ukikwaruza, au ikiwa klachi pleti imelika sana, ndipo giaboksi ishushwe. Klachi pleti iliyolika huibadilisha pembe ya springi, na pedali huzidi kuwa nzito kidogo kidogo. Presha pleti ya mashindano, kwa upande wake, huwa nzito tangu siku ya kwanza. Gari lisimame juu ya stendi madhubuti, si juu ya jeki peke yake. Tena, klachi pleti za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani: usilipulize kwa pampu, bali lifute kwa kitambaa kilicholowa maji. Grisi ya kustahimili joto ipakwe kidogo tu kwenye egemeo la uma na mahali beringi inapoteleza. Ikizidi itaruka juu ya klachi pleti, nayo itateleza.

Mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika chombo cha klachi, kwani huvimbisha mipira ya pistoni. Na mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na unyevu hula silinda. Kwa gari lilalalo kisiwani Mombasa yafaa yabadilishwe kila miaka 2, hata kama gari halikutembea.