NDEGE WAWILI WALIOPEWA JINA MOJA

Leo nawaletea somo la ndege ambao si wa kwetu. Wao huzalia kaskazini kabisa ya dunia, upande wa Aktiki, ambako maziwa huganda barafu. Wamarekani huwaita luni, Waingereza huwaita wapiga mbizi. Mimi nitaazima jina la Wamarekani kwa vile ni fupi.

Kuna luni wa Aktiki na luni wa Pasifiki. Wakati wa kuzaa, wote wana kichwa cha kijivu, koo jeusi, macho mekundu, na madoa meupe mgongoni yaliyopangwa kama ubao wa drafti. Majini ni mabingwa, lakini miguu yao iko nyuma mno, hivyo nchi kavu hujikokota tu. Basi kwa miaka mingi wataalamu wengi waliwahesabu kuwa aina moja. Mwaka wa 1985 wataalamu wa Marekani wakawatenganisha. Huko Siberia mashariki ndege hawa huzalia eneo moja, na haikuonekana kwamba wanaoana. Kwangu mimi hoja hiyo ni nzito kuliko rangi zote.

Kwani rangi hudanganya, jamani! Wengine husema koo la Pasifiki hung'aa zambarau na la Aktiki kijani. Lakini wenye kijani ni Aktiki wa mashariki. Wale wa Ulaya hung'aa zambarau vilevile. Na ukiwa mbali, koo lote ni jeusi tititi.

Tazama ubavuni karibu na mkia, pale mwili unapogusa maji. Aktiki ana baka jeupe hapo, Pasifiki hana. Lakini usiwe na haraka. Pasifiki akijilaza upande kuchambua manyoya, tumbo lake jeupe hutokeza nawe utaapa ni Aktiki. Ngoja atulie. Majira ya baridi, Pasifiki wengi huwa na mstari mwembamba chini ya kidevu, kama kamba ya kofia ya askari.

Aktiki huzalia kuanzia Scotland na Norway hadi Siberia, na wachache magharibi mwa Alaska. Pasifiki ni wa Kanada, Alaska na Siberia mashariki, na baridi ikija hushuka pwani hadi Mexico. Kwa hivyo, ukisoma daftari la California la kabla ya 1985 lililoandikwa "luni wa Aktiki", jua kwamba karibu wote walikuwa Pasifiki.