Mnyoo wa Mbwa na Uvimbe wa Maji katika Ini

Huko Olbalbal, kwenye bonde ambamo maji ya Korongo la Olduvai huishia, mbwa, mbuzi, kondoo na watu huishi pamoja ndani ya boma moja. Ukaribu huo ndio autegemeao mnyoo Echinococcus granulosus, asababishaye uvimbe wa maji uitwao haidatidi, ugonjwa unaowapata wafugaji wa Ngorongoro na hata wa Turkana nchini Kenya. Swali la kwanza la mgonjwa huwa ni hili: je, nimeupata kwa kula nyama? Jibu limo katika maumbile ya mnyoo mwenyewe.

Mnyoo huyu ni wa faila ya minyoo bapa, Platyhelminthes. Ndugu zake wa mbali, wa oda ya Polycladida, hutambaa juu ya matumbawe ya Bahari ya Hindi wakiwa na rangi za kupendeza. Wana mdomo na utumbo wenye matawi mengi, nao huwinda. Huyu wetu yumo katika ngeli ya Cestoda, yaani tegu, familia ya Taeniidae, pamoja na tegu wa ng'ombe na wa nguruwe. Spishi yake ilipewa jina na Batsch mwaka 1786. Tegu wa ng'ombe hufikia mita kadhaa. Huyu ana milimita 2 hadi 7 tu, na kwa kawaida pingili tatu au nne.

Hana mdomo wala utumbo. Hujishikiza katika utumbo mwembamba wa mbwa kwa vinyonyeo vinne na safu mbili za ndoana, akifyonza chakula kwa ngozi yake. Pingili ya mwisho ikikomaa hujaa mayai, nayo hutoka na kinyesi. Mayai hayo, yasiyoonekana kwa macho, hubaki kwenye manyoya ya mbwa, udongo na maji, na mtu huyameza kwa mikono michafu. Kwa hiyo ini la kondoo lenye uvimbe humwambukiza mbwa anayetupiwa, si mtu alaye nyama.

Yai likishamezwa, kiinitete chenye ndoana sita hupenya ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu, mara nyingi hadi ini, pengine mapafu. Huko hugeuka mfuko unaokua polepole kwa miaka. Ndani kabisa kuna tabaka jembamba lililo hai, lizaalo vichwa vidogo vya minyoo; nje yake tabaka gumu lisilo na seli; kisha ganda ambalo mwili wa mgonjwa hulijenga. Maji yaliyomo ni maangavu mno.

Hapa nawasihi wenzangu wa zahanati: msiuchome uvimbe wa ubavu wa kulia ili kuona kilichomo. Maji yakivuja huweza kuleta mzio mkali unaoua kwa dakika chache, na kila kichwa kidogo kilichomwagika chaweza kuwa uvimbe mpya. Wapo mabingwa wanaochoma, wakiongozwa na altrasaundi, mgonjwa akiwa ameanza albendazoli na dawa za mzio zikiwa tayari mezani. Hiyo si kazi ya chumba cha kufungia vidonda. Mpeni mgonjwa rufaa, na mwambieni pia kwamba si kila uvimbe huhitaji kisu: mingine hufa yenyewe, ikafuatiliwa tu kwa altrasaundi.

Mbwa hutibiwa kwa prazikwanteli. Dawa hiyo humwua mnyoo lakini haiyadhuru mayai, hivyo kinyesi cha siku zinazofuata kichomwe moto au kifukiwe. Ini na mapafu yenye uvimbe nayo yafukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.