SOMO LA MWEZI: Mgeni ni Nani Hapa Kwetu?



Mkikutana kuchanga pesa za mzunguko, tazameni mlivyokaa. Katika vikundi vingi, toka Diani mpaka Msambweni, chini ya mwembe mmoja utakuta Mdigo, Mduruma, Mkamba wa Shimba Hills, Mmakonde, hata Mpemba. Waislamu kwa Wakristo. Mnaazimana sufuria na mnazikana. Lakini ukifika uchaguzi wa mweka hazina, ghafla linatoka neno: "Huyu si mgeni?" Neno hilo ndilo somo letu leo.

Chukueni habari ya Wamakonde. Wazee wao wengi walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni, wakaja huku kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wakazaa, wakapata wajukuu, wakachonga mpingo ambao watalii waliununua na kwenda nao Ulaya. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, hawakuhesabiwa kuwa raia. Sasa, bila kitambulisho utafungua akaunti vipi? Utatia sahihi benki kwa niaba ya kikundi vipi? Kijana akimaliza shule, amekwama. Wako waliojiandikisha kwa majina ya Kidigo ili wapite. Hebu fikirini: kupata haki yako mpaka umfiche babu yako.

Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na watetezi wa haki wakaandamana nao. Rais aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43. Wapemba, ambao wamevua bahari hii kwa vizazi, walitambuliwa mwaka 2023. Serikali imetoa vitambulisho. Neno "mgeni" linatamkwa na jirani, na ni jirani atakayeliacha.

Kwani mwenyeji ni nani? Wazee wa Kimijikenda wenyewe husimulia kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, ndipo wakajenga makaya yao msituni. Kaya Kinondo, pale karibu na Diani, ni mojawapo ya makaya yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Na hiyo mila ya wenyeji je? Zamani Mdigo alirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Siku hizi wengi hufuata upande wa baba na sheria ya Kiislamu. Waduruma huhesabu ukoo pande zote mbili, ukulume na ukuche. Kwa hiyo mtu akisema mkutanoni "mila haikubali", mwulizeni kwa adabu: mila ya wakati gani, na ya upande upi? (Mara nyingi mtagundua kinachozungumzwa ni shamba.)

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mkulima anapoleta malimbuko yake hukiri kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, aliyekaa Misri kama mgeni. Anasema hayo mbele za Bwana, kapu lake la mavuno likiwa limewekwa mbele ya madhabahu.

Zoezi la kikundi: Kaeni wawili wawili, ikiwezekana na mtu usiyemjua sana. Kila mmoja achore ukoo wake mchangani kwa kijiti: mama na baba, bibi na babu wa pande zote mbili. Kila mtu awekewe jiwe au kokwa ya korosho. Mwelezane alizaliwa wapi, alisema lugha gani, kazi gani ilimleta, na jambo moja alilowaachia: dawa, ngoma, pishi la samaki, namna ya kusuka makuti.

Mwongozaji, nakuomba sana: usimlazimishe mtu. Pwani hii watu waliuzwa utumwani, na ziko nyumba ambazo habari hiyo haisemwi. Wako pia waliolelewa na mama peke yake. Anayetaka kuacha nafasi wazi, aiache, na asiulizwe.

Mkimaliza, msifute michoro haraka. Leteni katiba ya kikundi, mtu asome kwa sauti pale panapoeleza nani anaweza kuchaguliwa kuwa ofisa. Kama pameandikwa "mwenyeji wa hapa", jadilianeni mlipoandika hivyo mlimfikiria nani, na je, yule mliyemfikiria amekaa hapo nanyi leo?