Mfiziotherapia naye huumia kazini

Kumwinua mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kisha kuukanda mgongo wa mwingine kwa vidole gumba, ni kazi ya kutwa. Wafiziotherapia huumia kiuno, shingo, vifundo vya mikono na gumba lenyewe. Wakiumia hutibiana wenyewe kwa wenyewe, wagonjwa wakishaondoka. Undugu mzuri, lakini haki hupotelea hapohapo: hakuna faili, hakuna tarehe, hakuna daktari aliyeandika lolote.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inamhusu mwajiriwa wa hospitali ya serikali na wa kliniki binafsi vilevile. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa mwajiri peke yake. Hana ruhusa ya kuukata kwenye mshahara wako.

Mgonjwa akikuelemea ghafla ukateguka kiuno, hiyo ni ajali. Mwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi, ubaki na nakala. Naye ana siku 7 za kuitaarifu WCF.

Mtihani uko kwenye maumivu yanayonyemelea mwaka hadi mwaka. Hayo hudaiwa kama ugonjwa unaotokana na kazi, na ubishi hauchelewi: utaambiwa ni uzee, au ni ndoo za maji unazobeba nyumbani. Usijibizane. Nenda kwa daktari ungali unaweza kufanya kazi, umweleze unahudumia wagonjwa wangapi kwa siku, unawainua na nani, kitanda kinashuka au hakishuki. Omba ayaandike hayo pamoja na maoni yake kuhusu chanzo. Madai hupelekwa ndani ya miezi 12, na kwa ugonjwa hesabu huanza siku ulipogundulika. Nadhani wengi hukosea hapa kwa kujiona wao ni wataalamu, hawahitaji cheti cha mtu.

Dai likikubaliwa unapata matibabu, na ukishindwa kufanya kazi kwa muda, asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni.

Anayezunguka majumbani kwa kujitegemea hana mwajiri, kwa hiyo akate bima yake. Na ukiachishwa kazi na mwajiri binafsi kwa sababu ya maumivu hayo, fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30.