Hukumu ya Picha za Dhihaka Zipitishwazo kwa Simu



Katika darsa yetu ya usiku, baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tumefikia Suratul Hujurat, aya ya 11. Kabla mwalimu hajaanza, kijana mmoja aliyeketi karibu na mlango alimpa mwenzake simu, naye akampa wa tatu, na kicheko kikaenda na safu mpaka kikamfikia mwalimu. Mwalimu akaiomba simu akaitazama. Ilikuwa ni picha ya mtu wa mji huu huu wa Kale, aliyezaliwa mtoto wa kiume na ambaye leo huvaa buibui na wanja. Amepigwa picha bila ya habari yake penye karamu ya harusi, na juu yake pameandikwa kuwa bwana harusi aangalie asije akauziwa mbuzi ndani ya gunia.

Mwalimu hakukemea. Aliuliza tu: nani humu amjuaye mtu huyu? Mikono mingi ikanyanyuliwa. Akauliza tena: nani aliyepata kuhadaiwa naye? Hapakunyanyuliwa hata mmoja. Somo la usiku ule likawa hilo, na tumeombwa tuliandike.

Picha za namna hii zina tabia yake. Ni picha moja na maneno machache. Mtu huipokea, akaigeuza kidogo au asiigeuze, akaipeleka mbele, wala hapana amjuaye aliyeianza. Mwenye kuipeleka hujiona hakusema neno, maana maneno si yake. Na nyingi katika zile ziwatajazo watu waliobadili jinsia hazikutungwa kwetu. Yako maneno yaliyoenea mwaka 2014, ya mtu kujidai kuwa yeye ni helikopta ya vita, basi naye ahesabiwe hivyo. Iko nyingine iliyochukuliwa katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, ambamo kamanda mwenye uso wa samaki apiga kelele kuonya juu ya mtego. Sura yake hubandikwa kando ya mtu wa namna hii, ili wanaume wajihadhari naye. Ziko pia zinazofanyia mzaha maneno ya Kiingereza ya kumtajia mwanamume na mwanamke, ati mtu achague atakalo. Hizi za mwisho ndizo zinazotushangaza zaidi. Kiswahili chetu kina *yeye* mmoja tu; amekuja ni mume, na amekuja ni mke. Mvulana wa Kibokoni azichekaye anacheka ugomvi wa lugha ya watu wengine.

Ukizikusanya zote, utaona kisa chao ni kimoja: jamii ni mtu mwema aliyetulia kwake, na huyu ni mjanja aliyekuja kumhadaa. Basi na tutazame kama ndivyo mambo yalivyo.

Hapa Kenya, mwanamke aitwaye Audrey Mbugua alikwenda mbele ya Mahakama Kuu, Nairobi, kwa sababu cheti chake cha mtihani wa sekondari kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, na yeye amekwisha kubadili jina na anaishi kama mwanamke. Cheti namna hiyo hakimfai mtu penye kutafuta kazi, maana mwajiri akiisha kuitazama karatasi akamtazama mwenyewe, hudhani ni cheti cha kuazima. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2014, mahakama iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Mwenye nia ya kuhadaa huwakimbia makarani na mahakimu. Huyu alikwenda kwao kwa miguu yake, huku magazeti yakiandika, kutaka karatasi ikubaliane na uso.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Gill Shepherd, mwanachuoni wa Kiingereza aliyeuchunguza mji wa Mombasa, aliandika mwaka 1987 habari za watu waliokuwa wakiitwa mashoga, waliojulikana mitaani na walioitwa kupiga ngoma katika harusi za wanawake. (Neno lenyewe asili yake ni mwito wa mwanamke kwa rafikiye mwanamke, na mama zetu hata leo huitana hivyo uani bila ya kuona aibu, ni sisi wanaume tulioligeuza tusi.) Na huko Sohar, Omani, Unni Wikan wa Norwe aliandika mwaka 1977 juu ya makhanithi, watu ambao wanawake hawakujifunika mbele yao. Si lazima kuwa wote hao ni sawa na wale waitwao leo waliobadili jinsia. Wala hatusemi kuwa waliheshimiwa, maana walichekwa, na wengine walidhulumiwa. Lakini aliyewacheka alikuwa akiwajua mama zao, na kicheko kilipozidi, barazani alikuwapo mzee wa kukikata. Picha ya simu haina mzee. Ikitoka Ndia Kuu saa hii, Isha haijaadhiniwa imekwisha fika Dubai, na mwenye uso ule ndiye wa mwisho kupata habari.

Na wale wasemao kuwa mambo haya yote yameletwa juzi na Wazungu, na wafungue vitabu vya Sharia. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamemwekea khuntha, yaani mtu ambaye viungo vyake havibainishi ume wala uke, hukumu zake katika sala na katika mirathi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wa namna hiyo 1,524. Mukhannathi ni mwingine. Huyu ni mwanamume mwenye mwendo na maneno ya kike. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amewagawa mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo bila ya kujitia mwenyewe, naye hana lawama wala dhambi, na mwenye kujitia kwa kusudi, naye ndiye aliyelaaniwa katika hadithi. Basi nani katika sisi, kwa kuitazama picha tu, awezaye kujua kuwa huyu ni wa fungu lipi? Na hata huyo wa pili damu yake si halali: Abu Dawud amepokea kwamba aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mukhannathi aliyejitia hina mikononi na miguuni, akaamuru atolewe mjini, na alipoulizwa kama auawe alikataa, kwa kuwa amekatazwa kuwaua wenye kusali.

Juu ya kubadili mwili kwa tiba, wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Khomeini wa Iran aliruhusu. Sayyid Tantawi, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa yake mwaka 1988 kwa masharti ya matabibu. Na wengi wengine wamekataza. Hatukuandika haya ili kuamua baina yao. Mtu wa Mombasa haulizwi na yeyote atoe fatwa hiyo. Aulizwalo ni lile lililomo mkononi mwake, nalo ni simu.

Na tusidhani kuwa kicheko hakina miguu. Mwezi wa Februari, mwaka 2010, ulienea uvumi kuwa wanaume wawili watafunga ndoa Mtwapa, kaskazini ya kisiwa chetu. Harusi yenyewe haikuthibitika. Lakini siku ya Ijumaa, tarehe 12, watu walikizingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti ya KEMRI, ambako wagonjwa wa Ukimwi walikuwa wakipata huduma, na watu wakapigwa kwa kudhaniwa tu. Uvumi ule haukuwa juu ya waliobadili jinsia, ila umati hauna muda wa kutenga fungu na fungu. Hutazama nguo na mwendo, basi. Katika sura ile ile tuliyokuwa tukiisoma, aya ya 6 yatuamrisha kuihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, tukabaki na majuto. Twaliosoma aya hiyo Mtwapa ni wengi, na siku ile hatukuikumbuka.

Atasema mtu: fasiki wa dhahiri hana hukumu ya kusengenywa. Neno hili lina asili, lakini limekatwa kichwa. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amezitaja sababu sita ambazo kwazo huruhusiwa kumtaja mtu asipokuwapo, kama vile mwenye kudhulumiwa kushitaki, au kutaka fatwa, au kuwahadharisha Waislamu na shari. Aliyedhihirisha uovu wake yumo, naye hutajwa kwa lile alilolidhihirisha, si kwa jingine. Zihesabu zote sita, hutaona ya kuchekesha watu. Aya ya 11 imekataza watu kuwadharau watu, ikaonya kuwa huenda wanaochekwa wakawa bora, ikakataza na kubandikana majina mabaya. Na ya 12 ikakataza kupeleleza. Kumpiga mtu picha ya siri harusini ni upelelezi. Kuiandika maneno yale ni jina baya. Kuipeleka mbele ni dharau. Ni mambo matatu kwa kidole kimoja.

Baada ya somo yule kijana alikiri kuwa ndiye aliyeipiga picha. Akauliza kama yampasa kwenda kuomba radhi, au yatosha kutubu baina yake na Mola wake. Mwalimu akamjibu kuwa wanazuoni wamehitilafiana, na wako waonao kuwa ikiwa habari haijamfikia mwenyewe, kumwambia ni kumtia jeraha jipya. Basi na amwombee dua na kumtaja kwa wema pale pale alipomtaja kwa ubaya. Lakini hili lilikuwa limekwisha fika. Dadake mwenye picha, auzaye mahamri mtaani, aliletewa na mteja usiku ule ule wa harusi.

Kijana alikwenda Ijumaa asubuhi. Alifunguliwa mlango na mama mtu mzima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kuwa mwanawe amehamia Malindi tangu wiki ile, na hajui atarudi lini.